Meza Safi Kuliko Zote Handeni

Mkuu wetu wa ofisi alikwenda semina Morogoro akiwa mtu wa kawaida, mwenye kikombe cha chai kisichooshwa na mafaili yaliyopanda hadi dirishani. Akarudi ameokoka. Si kidini, maana kidini alikuwa sawa tangu zamani. Aliokoka upande wa meza.

Jumatatu alitukusanya wote, sisi wa kilimo na wenzetu wa mifugo, akatuambia kwamba meza ya mtumishi ni sura ya akili yake. Kuanzia siku ile juu ya meza vibaki vitu vitatu: kalamu, karatasi unayoifanyia kazi, na glasi ya maji. Bomba la ofisi lilikuwa halijatoa maji tangu wiki iliyopita, lakini hakuna aliyetaka kumharibia hotuba.

Tukaitazama meza yangu, yeye na mimi. Ilikuwa na mafaili, ndiyo, na mbegu za alizeti kwenye mifuko ya nailoni, na muhogo uliooza mizizi ambao mkulima mmoja alitaka tumweleze umekufa kwa nini. Kulikuwa pia na chupa yangu ya chai na khanga ya kujifunika AC ikiwashwa, ingawa AC ilikufa kabla sijahamia Handeni. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama daktari mbele ya mgonjwa aliyecheleweshwa.

"Dada, humu akili inapitaje?" akaniuliza.

Nikamjibu kwamba inajitahidi.

Haukupita muda, akaingia mzee mmoja kutoka vijijini na mfuko wa salfeti. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, nimekuletea wageni." Akaumimina mfuko juu ya meza yangu. Yakatoka mabua ya mahindi yaliyotobolewa majani, na ndani yake viwavijeshi walionona vizuri kuliko sisi tunaosubiri mshahara. Mkuu alikuwa bado yupo mlangoni. Akarudi.

"Hiki nini?"

"Mahindi, bosi."

"Mahindi yanafanya nini ofisini?"

Nilitaka kumkumbusha kwamba sisi ni watu wa kilimo, lakini maneno hayo yameandikwa kwenye kibao cha nje kwa herufi kubwa, nikaona si adabu kumsomea. Mzee ndiye aliyemjibu.

"Mkubwa, hata mimi nimewauliza hivyo hivyo kule shambani. Hawajibu."

Kiwavi mmoja alikuwa tayari anatembea juu ya waraka mpya wa usafi. Mkuu akaamuru kwamba toka siku hiyo mambo yote ya mazao yazungumzwe nje, kwenye benchi. Kwa hiyo nikakaa na mzee kwenye benchi, juani, nikamwelekeza dawa na namna ya kuipuliza, huku ndani meza yangu ikipumzika.

Sasa vitu vilivyoondolewa mezani viende wapi? Swali hilo semina haikuligusa. Kabati la ofisi lilikuwa limejaa mafaili ya miradi iliyokwisha, na hakuna aliyethubutu kuyatupa. Ila dirishani palikuwa na meza moja ya zamani ya mninga, yenye droo mbili kubwa ambamo ungeweza kumlaza mtoto. Mwenye meza alikuwa likizo ya uzazi, amekwenda kujifungulia kwa wakwe zake Kilole, Korogwe. Aliiacha tupu, droo hazina kufuli.

Wa kwanza kuitumia alikuwa jamaa wa mifugo. Akaingiza mabuti yake ya gamboti na chupa za dawa ya kupe. Wa pili akaingiza viazi vitamu alivyonunua barabarani. Baada ya hapo hatukuulizana tena. Ukisikia hatua za mkuu kwenye korido unasikia pia droo zinafunguka na kufungwa, kama jikoni kwenye harusi. Akifika anakuta watumishi wametulia mbele ya kalamu zao, hawana la kufanya, maana kazi yenyewe imeshafungiwa dirishani. Alifurahi sana.

Kwa furaha hiyo akatangaza mashindano ya meza safi. Ikaundwa kamati, na mimi nikiwemo, kamati ikapita na kitambaa cheupe ikipangusa huku na huku, ikarudi na mshindi. Meza safi kuliko zote ilikuwa ile ya mninga dirishani.

Mtu mmoja akakohoa, akasema, "Lakini bosi, mwenyewe yuko uzazi."

"Ndiyo maana ya nidhamu," mkuu akajibu. "Mtu hayupo, lakini nidhamu yake ipo."

Zawadi ilikuwa trei ya plastiki ya kupangia mafaili, ile yenye ghorofa. Nikachaguliwa kwenda nayo Korogwe pamoja na mkuu, kwa kuwa mimi ndiye rafiki wa mshindi. Tulimkuta amekaa kitandani na kikombe cha uji wa pilipili manga, amechoka, mtoto kwapani. Mkuu akasimama wima katikati ya chumba akatoa hotuba fupi kuhusu mfano bora. Mwenzangu akamsikiliza mpaka mwisho.

"Nimeshinda nini?" akaniuliza mimi.

"Usafi wa meza."

"Meza ipi?"

Mkuu akacheka, akadhani ni unyenyekevu. Akapiga picha ya trei, mama na mtoto, akaituma kwenye kundi la ofisi. Mama mkwe, aliyekuwa akisemezana na jirani kwa Kishambaa muda wote, akaipokea trei, akaigeuza, akaipenda. Kabla hatujaaga, ghorofa ya chini ilikuwa na nepi, ya kati mafuta ya mtoto, na ya juu dawa za presha za mama mkwe mwenyewe. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona vifaa vya ofisi vikitumika siku hiyo hiyo vilipofika.

Likizo ilipoisha mwenzangu akarudi. Tulikuwa tumesahau kabisa kuhamisha vitu, au tuseme kila mmoja alimngoja mwenzake. Akavuta droo ya juu, ikagoma. Akaivuta kwa mikono miwili, ikatoka pamoja na harufu. Viazi vilikuwa vimechipua, machipukizi yamepita ufa na kuingia droo ya pili, yamejizungusha kwenye gamboti. Alizeti yangu ilikuwa imeliwa na panya. Chini kabisa kulikuwa na lile faili la mgogoro wa lambo tulilolitafuta hadi kuituhumu ofisi jirani, na juu ya faili pea ya kobazi za ngozi nyeusi.

Hakugomba. Alitandika gazeti sakafuni, akatoa kimoja kimoja, na kila kimoja akakinyanyua juu kidogo na kungoja mwenye nacho. Tulikwenda tukachukua, tukiinamisha vichwa kama watoto. Zilipofika kobazi hakuna aliyesogea, ingawa wote tulizijua. Ndizo alizokuwa akivaa mkuu kwenda msikitini Ijumaa, na zilipopotea alimtuhumu mlinzi kuwa ameziiba.

Mkuu alikuwa amesimama mlangoni. Akaja taratibu, akazichukua, akasema, "Ahsante, mama," akaondoka nazo mkononi.

Mchana ule mwenzangu alikwenda kumnyonyesha mtoto, akarudi na kufuli mbili kutoka sokoni. Akafunga droo zote mbili, funguo akazitia kwenye pochi. Vitu vyetu vikabaki juu ya meza zetu, kwa kuwa hapakuwa na pengine. Mashindano hayakutajwa tena, wala kamati haikuvunjwa. Nadhani mimi bado ni mjumbe. Wiki iliyofuata akaja mkulima na fungu la mihogo yenye michirizi. Mkuu akapita, akaitazama, akaniuliza kama ni batobato au ni ugonjwa mwingine. Nikamwambia avute kiti. Akavuta.