Dawa Aliyoiandika Mwenyewe

Wanafunzi wake walimbandika jina la Mama Seli kwa sababu hakuwa na mazungumzo mengine. Hata mumewe akisifia supu mezani, yeye angeanza kueleza jinsi seli za saratani zinavyojificha mwilini. Makala zake zilijaza rafu nzima ofisini. Moja, iliyohusu dawa ya kuzuia saratani ya titi isisambae, ilinukuliwa na watafiti wa kila pembe ya dunia, na madaktari wakaanza kuifuata. Ndiyo iliyompa uprofesa. Ndiyo iliyompa pia mpinzani, mtafiti wa chuo cha mbali aliyeandika makala ya kumpinga. Maabara nzima ilimwita Mbishi na kumcheka wakati wa chai.

Asubuhi moja akiwa anaoga, vidole vyake viligusa kitu kigumu kwenye titi. Akafunga maji. Alisimama na povu lake mwilini, akigusa tena na tena kana kwamba kitaondoka.

Kipimo kilithibitisha kwamba ni saratani. Daktari akavuta kiti karibu yake na mumewe.

"Usiogope, mama. Siku hizi kuna dawa nzuri. Kuna utafiti mkubwa kabisa, huu hapa." Akamgeuzia kompyuta. Jina la Mama Seli lilikuwa juu ya ukurasa. Daktari akalitazama, akatazama faili, kisha akamtazama usoni. "Kumbe ni wewe! Basi mimi nikueleze nini tena?"

Kwenye gari mumewe alimuuliza, "Utatibiwa kwa dawa yako mwenyewe. Unaogopa nini?"

"Wewe umeona jina langu. Mimi naona wale ambao haikuwasaidia. Tuliwaweka chini kabisa ya jedwali, tukaandika sababu haijulikani." Akavuta mkanda wa gari. "Mbishi anasema anaijua."

Siku hiyo aliisoma makala ya Mbishi kama mtu anayetaka kujua. Zamani aliisoma akitafuta makosa tu. Mbishi alidai kwamba seli zisipokuwa na protini fulani, dawa ile haifanyi kitu, na mgonjwa anapoteza muda huku uvimbe unakua. Akampigia simu.

"Nilidhani umepiga kunitukana," Mbishi alisema alipomaliza kumsikiliza. "Pole sana, dada."

"Usinionee huruma. Ungekuwa wewe, ungeinywa?"

"Kabla ya kupima ile protini? Hapana. Na hospitali hazipimi, maana makala yako haikusema zipime." Kisha akaongeza, "Nitumie kipande cha uvimbe. Nitakipima mwenyewe."

Kusubiri kulimtesa. Maabarani aliinama kwenye darubini, akaona seli zikigawanyika, akaifunika na kutoka nje. Akipita wodini aliwaona wanawake wamekaa kwenye benchi na vidonge vya dawa ile mkononi, wakicheka na dada zao, naye akajificha nyuma ya nguzo.

Simu ilimkuta kwenye korido. "Huna hiyo protini," Mbishi alisema. "Usiinywe."

Akakaa sakafuni. "Na wangapi wengine wanainywa bure?"

"Sijui. Ndicho nilichokuwa nakibishia miaka yote."

Alifanyiwa upasuaji, kisha akapewa dawa za zamani, zile kali. Nywele zikapukutika. Siku ambazo aliweza kukaa, aliandika makala pamoja na Mbishi, wakizitaka hospitali zipime kwanza. Wenzake walimwonya kwamba anajimaliza. Mumewe aliuliza jina la nani litatangulia.

"Lake," akasema.

Hospitali zilianza kupima. Wagonjwa wengi walibadilishiwa dawa mapema. Wengine walikuwa wamechelewa. Mwanamume mmoja aliyefiwa na mkewe alimfuata hadi ofisini. Alisimama mlangoni akimtazama, akageuka akaenda zake. Mama Seli aliinuka kumfuata, akaishia mlangoni.

Mpaka leo uvimbe haujarudi. Ile makala ya mwisho ndiyo inayonukuliwa zaidi sasa, na watu humpongeza. Yeye huitikia, "Asante." Lakini kila siku ya kipimo, mlango wa chumba cha daktari ukifunguliwa, hukamata shati la mumewe kwa mikono miwili, na mumewe humtangulia kuingia.