Tela Lililombeba Mume Wangu

Gari letu lilikuwa kubwa, la viti saba, na nyuma lilikuwa na chuma cha kuvutia tela. Siku za kawaida lilitupeleka kanisani na watoto; siku za mavuno lilivuta maharage kutoka Nyakitonto. Mume wangu alinifundisha kuliendesha tela likiwa nyuma, kwa sababu alitaka mtu wa kumpokea akichoka. Hakuna mwingine kwenye ukoo aliyeliweza.

Kwa hiyo alipofariki hospitalini Kasulu, mimi ndiye niliyempeleka kwao Busunzu. Baba yake mdogo alikataa. Alisema mjane hukaa na maiti, hashiki usukani. Nilimwuliza nani basi ataendesha. Akawatazama vijana wake, wote wa bodaboda, akanipisha.

Ndani ya gari walijaa watoto na wazee, hivyo jeneza lilikaa kwenye tela. Kwao marehemu hutanguliza miguu, aende nyumbani kama anayetembea, na wanawake humsindikiza wakiwa kichwani pake. Basi kichwa kilikuwa nyuma, na huko mwishoni kabisa mwa tela walibanana mama mkwe na mashangazi, wakiimba. Mimi sikuwaza lolote. Nilifunga mlango, nikawasha.

Tulipopita Makere tukaanza kuteremka. Kwenye kioo niliona tela likiyumba, kidogo, halafu zaidi, mpaka likawa linalivuta gari huku na huku. Nyimbo zikakatika. Mguu wangu ulitaka breki. Mume wangu alikuwa ameniambia mara nyingi kwamba breki ndiyo inayolipindua. Niachie mafuta tu, nishike usukani palepale. Niliachia. Lori lilikuwa linapanda kutoka chini. Tela likapiga kushoto, likapiga kulia, lori likatupita likipiga honi, na mwendo ukapungua polepole mpaka tukasimama kando.

Nilishuka. Niliwaeleza kwamba uzito wote uko nyuma ya magurudumu ya tela, unanyanyua mkia wa gari. Ama tugeuze jeneza kichwa kije mbele, ama wanawake wahamie mbele, miguuni. Baba mdogo alisema hayo yote mawili hayajawahi kufanyika kwao. Shangazi mmoja akasema, bila kunitazama, kwamba wangetafuta dereva wa kweli haya yasingetokea. Hata mimi nilikuwa nawaza hivyo.

Nikamgeukia mama mkwe.

“Mama, siliwashi likiwa hivi. Nitawaua ninyi, na yeye nitamwangusha barabarani.”

Mama mkwe akainuka, akashika ukingo wa jeneza, akapita pembeni yake hadi mbele. Akaketi, akaweka mkono pale miguu ilipo.

“Miguu hii niliiosha mimi kabla ya mtu yeyote,” aliwaambia. “Njooni.”

Mashangazi wakamfuata. Yule aliyenisema alikuja wa mwisho.

Tela likatulia, lakini mimi sikutulia. Kila mteremko nilitoa mguu kwenye mafuta mapema, nikatazama kioo, nikasubiri liyumbe.

Uani Busunzu wanaume walikuja kumpokea, wakamshusha, wakampeleka ndani. Nilibaki kwenye kiti. Vidole vyangu havikutaka kuachia usukani. Mama mkwe akaja akichechemea, miguu imekufa ganzi, akafungua mlango wangu.

“Umemfikisha,” alisema. “Sasa shuka ulie.”