Miaka Kumi na Miwili ya Dolores Wachtel

Dolores Wachtel alipotimiza miaka hamsini na sita alijipunguzia kumi na miwili, na hakuna aliyemsema kwa sababu hakuna aliyejua. Alikaa mezani nyumbani kwake, mtaa wa Reseda, akachukua karatasi ya wasifu wake, akafuta kila kitu alichoandika kabla ya mwaka 1988. Vipindi vinne vya televisheni vikaenda. Tuzo moja ikaenda. Alipomaliza, karatasi ilikuwa ya mwanamke wa miaka arobaini na minne, naye akapaka nywele rangi na kuanza kujiita Dee.

Usimcheke. Mji huu wa sinema na televisheni hauna haya hata chembe. Mwandishi wa vichekesho akishagusa hamsini, simu yake hunyamaza, na vijana aliowafundisha kazi hukutana naye mgahawani wakazama kwenye menyu kama wanaosoma hukumu. Dolores alikuwa amekaa miaka mitano bila kazi. Alikuja huku kutoka Toledo, Ohio, mwaka 1973, akaanza kwa kupiga chapa maandishi ya wanaume waliomtuma kahawa. Mwaka wa tatu aliingiza mzaha wake mwenyewe kwenye ukurasa aliokuwa akiupiga chapa, kimya kimya, bila kumwomba mtu ruhusa, na watu mia tatu waliokaa studioni kutazama wakaangua kicheko. Tangu siku ile hakutaka kazi nyingine. Aliolewa, akaachika, na ukimuuliza ilikuwa mwaka gani ilibidi kwanza akumbuke alikuwa akiandikia kipindi gani.

Basi Julai ya mwaka 2006 ule wasifu uliokatwa mkia ukafanya kazi yake. Alichukuliwa kwenye chumba cha waandishi cha kipindi kimoja cha vichekesho vya familia, mtaa wa Studio City: watu wanane, meza moja ndefu, ubao mweupe, na makopo ya soda kila mahali. Bosi alikuwa Kip Lansdale, miaka thelathini na mmoja, aliyekibuni kipindi chenyewe. Mkataba wa Dolores ulikuwa wa wiki kumi na tatu. Ijumaa ya tarehe kumi na tatu Oktoba, kabla ya saa kumi na mbili jioni, Kip alitakiwa kusema kama anabaki mpaka mwisho wa msimu au anarudi Reseda. Na kurudi Reseda safari hii kulikuwa kurudi moja kwa moja. Hilo Dolores alilijua na wakala wake, aliyemtafutia kazi, alilijua, ila walikuwa hawalisemi.

Humo chumbani alikuwa hai. Hakuna neno jingine.

"Dee, huo mzaha umeuokota jalalani?" Kip angeuliza.

"Nimeuokota kwenye ukurasa wako wa kumi na mbili, bosi. Ulikuwa umelala hapo, hauna msaada."

Meza nzima ingepiga kelele, mtu angemrushia kifuniko cha chupa, na yeye angesahau magoti yanayomuuma.

Jumanne ya wiki ile ya mwisho, kituo cha televisheni kiliikataa hadithi ya sehemu ya tisa. Yote, kuanzia juu mpaka chini. Alhamisi asubuhi waigizaji walitakiwa kukaa mezani kuisoma, na hapakuwa na kitu cha kusoma.

"Jamani, nani ana kitu?" Kip alisema. Uso ulikuwa umemwiva. "Chochote. Hata cha aibu."

Akainua mkono Shauna Birdsong, binti wa miaka ishirini na sita kutoka Macon, Georgia, mdogo kuliko wote mezani. Jina lake lilikuwa bado halijawahi kuonekana kwenye kioo cha televisheni.

"Mimi nina kitu, ila msinizomee. Jirani anakufa. Baba wa familia alikuwa hasemi naye mwaka wa tisa huu, kisa ugomvi wa uzio. Sasa mjane anamwomba yeye ndiye atoe hotuba ya mazishi. Anazunguka mtaa mzima kutafuta mtu wa kumsemea marehemu neno zuri. Hapati."

"Halafu?"

"Halafu anasimama kanisani anasoma orodha ya ugomvi wao. Mmoja mmoja, na tarehe. Na watu wanaona kumbe yeye ndiye aliyemjua kuliko wote."

Chumba kikalipuka. Kip alipanda juu ya kiti. "Shauna, mtoto wa watu, ulikuwa umekificha wapi kitu hiki? Andika! Ni chako, jina lako litakaa juu yake!" Shauna alifunika uso kwa mikono miwili akacheka huku machozi yanamtoka.

Dolores naye alipiga makofi. Hadithi ile aliiandika yeye, mwaka 1979, akiwa na miaka ishirini na tisa, kwa kipindi ambacho sasa hakimo kwenye wasifu wake. Uzio ulikuwa uzio. Mjane alikuwa mjane. Hata zile tarehe zilikuwamo.

Hakufikiri hata dakika moja kwamba binti ni mwizi. Anayeiba huwa na macho ya kuibaiba, na macho ya Shauna hayakuwa na la kuficha. Wakati wa chakula, wakiwa na mikate yao ya nyama ya ng'ombe, alimpima kwa mbali.

"Utotoni mlikuwa mnatazama nini kwenu?"

"Uuu, dada Dee, mimi nimelelewa na bibi na televisheni. Nikitoka shule ni marudio ya vipindi vya zamani mpaka jioni. Vingine hata majina sivikumbuki."

Ndivyo ilivyokuwa. Kitu kiliingia kichwani kwa mtoto wa miaka sita, kikalala humo miaka ishirini, kikaamka kikidhani kimezaliwa leo. Waandishi wote huliogopa jambo hili, na dawa yake ni moja tu: yeyote mezani anayekumbuka husema papo hapo, "Hii imeshafanywa." Hakuna anayekasirika. Wanafuta ubao, wanaendelea.

Dolores hakusema. Angesema, wangeitafuta ile ya zamani waone inafanana kiasi gani, na kwenye kioo, kwa herufi nyeupe, wangesoma: Imeandikwa na Dolores Wachtel. Kip angehesabu miaka. Ilikuwa Jumanne, na Ijumaa haikuwa mbali. Ikishapita Ijumaa, alijiambia, atatafuta namna. Namna gani, hakujiuliza. Alijua vilevile kwamba sehemu ile ikirushwa hewani, wiki haitapita kabla mtu hajaziweka mbili hizo bega kwa bega mtandaoni, na atakayeitwa mwizi mji mzima, kwenye kazi yake ya kwanza, ni Shauna. Alilijua hilo na akala mkate wake mpaka mwisho.

Jumatano alasiri Shauna alimjia na kompyuta kifuani, macho mekundu.

"Dada Dee, nimekwama. Amesoma orodha yote. Sasa anamalizaje? Nimeandika mara kumi, zote ni ovyo."

"Kamwulize Kip."

"Kip akiona nimekwama atamwita mtu mwingine akae na mimi, na jina litakuwa la wawili. Nakuomba. Wewe ni mkongwe bwana, nipe hata neno moja."

Dolores alijaribu. Hapo namtolea ushahidi: alijaribu kweli kutafuta mwisho mwingine, akautafuta nusu saa nzima, akampa mmoja na mwingine, na yote ilikuwa maji matupu, kwa sababu hadithi ile ilikuwa na mwisho mmoja tu na aliyeujua alikuwa yeye. Binti akaanza kufunga kompyuta yake.

"Anakunja karatasi," Dolores alisema hatimaye. "Anaangalia jeneza. Anasema, 'Sasa nitagombana na nani?' Basi. Anashuka."

Shauna alimkumbatia hadi kiti kikarudi nyuma. Dolores aliingia chooni akakaa humo, akijichukia.

Alhamisi waigizaji wakasoma. Vicheko vilianza ukurasa wa pili havikukatika, na ilipofika orodha ya ugomvi watu wa kituo walikuwa wanajipangusa macho. Neno la mwisho lilipotamkwa wote walisimama. Wote, ila mzee Buford Eames, mwigizaji wa miaka themanini na mmoja aliyecheza babu. Yeye alibaki ameketi anamtazama Dolores. Baadaye alimfuata penye birika la kahawa.

"Binti yangu," alisema kwa sauti ya chini, "mimi ndiye niliyecheza mchungaji kwenye mazishi yale. Mwaka sabini na tisa. Ulikuwa na nywele ndefu, ukikimbia na karatasi."

"Mzee Buford, nakuomba."

"Mimi siulizwi, sisemi. Mwenyewe nimewaambia nina sabini na mbili." Akakoroga kahawa yake. "Lakini yule mtoto anajua?"

Mzee alipoondoka, Dolores alisimama pale na kikombe kitupu. Ng'ambo ya ukumbi Shauna alikuwa kwenye simu, akipiga kelele za furaha: "Bibi! Bibi, jina langu litakuwa peke yake! Waambie kanisani wote watazame!"

Dolores aliweka kikombe chini. Alikwenda akamshika Shauna mkono, akampeleka ofisini kwa Kip, akafunga mlango.

"Hatuwezi kuifanya hii," alisema. "Imeshafanywa. Mwaka sabini na tisa."

Kip alicheka kwanza. "Acha utani, Dee. Nani kasema?"

"Mimi niliiandika."

Shauna alikaa kwenye mkono wa kochi. Kip alimkazia macho Dolores, vidole vikihesabu juu ya meza.

"Sabini na tisa ulikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na tisa."

"Kwa hiyo una... ee Mungu wangu. Wewe ni mkubwa kuliko mama yangu!"

"Mama yako ana ngapi?"

"Hamsini na tatu."

"Msalimie. Mwambie atumie rangi ninayotumia mimi."

Kip aliangua kicheko, cha kweli, cha tumbo, akazunguka meza akamshika mabega. "Mwanamke, umetuokoa! Unajua wangetufanya nini? Shauna, usilie, hakuna aliyekusudia, haya hutokea. Tunafuta, tunaanza upya." Dolores naye akacheka. Kumbe ingewezekana. Kumbe siku zote hizi ingewezekana.

"Umegundua lini?" Kip aliuliza, bado anacheka.

"Leo," alisema Dolores. "Pale mezani. Niliposikia inasomwa."

Lilitoka lenyewe, kwa urahisi.

"Hapana," alisema Shauna.

Hakupandisha sauti. Alikuwa anatazama zulia, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha.

"Jana ulinipa mwisho. Neno kwa neno. Hukuutunga, ulikuwa nao." Akainua uso. "Ulijua tangu Jumanne. Nilipokuwa nalia kwa furaha, ulikuwa unajua, na ukapiga makofi."

"Shauna, mwanangu..."

"Kwa nini?"

"Nilitaka Ijumaa ipite," alisema Dolores.

Kip aliondoa mikono mabegani mwake.

Ijumaa saa kumi jioni Kip alikuja mwenyewe mpaka ofisini kwa Dolores, na kwa hilo tumpe sifa yake, wengi hupiga simu kwa wakala. Alisimama mlangoni.

"Sitakuongezea muda," alisema. "Na sitaki uende nyumbani ukidhani ni umri. Umri ningeumeza. Ningejisifia kwa watu kwamba ninaye Dolores Wachtel. Lakini mtu anayekaa siku mbili anamtazama mtoto anatembea kuelekea shimoni, huyo sijui namna ya kukaa naye chumba kimoja."

"Ningekwambia Jumanne, ungenibakiza?"

"Ningekubakiza," alisema Kip, harakaharaka, na akatazama pembeni.

Huko kutazama pembeni ndiko Dolores alikoondoka nako. Alikaa kwenye gari lake kwenye maegesho, mikono kwenye usukani, wenzake wakipita na mikoba yao bila kumwona. Huenda Kip alisema kweli. Huenda naye, kama wote wa mji huu, alikuwa amepata sababu nzuri ya kufanya jambo ambalo angelifanya tu akishajua umri wake. Dolores aliomba, kwa moyo wake wote, iwe hiyo ya pili. Aliomba awe amefukuzwa kwa sababu ni mzee.