Wote Tisini na Nane

Siku yangu ya kwanza kazini, muuguzi mkuu wa zahanati alinikabidhi ufagio, kisha akavua saa yake ya mkononi akanipa. "Ukimaliza kufagia, njoo tuhesabu pumzi." Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, wazazi wamefariki, wadogo zangu watatu wananitegemea. Aliniketisha mbele ya mtoto mwenye kikohozi, akaniambia nitazame kifua kinavyopanda na kushuka dakika nzima. Nilihesabu nusu dakika nikazidisha kwa mbili. Akaniuliza, "Hiyo nusu nyingine nani amehesabu?"

Baadaye nilihamishiwa kituo cha afya, kisha wodi ya watoto mjini, na mwisho zahanati nyingine ya kijijini huko Ikungi, nikiwa mhudumu wa afya. Huko ndiko tulikoletewa kipima oksijeni cha kidoleni. Ni kidude kama kibanio cha nguo. Unakibana kwenye kidole, kinapitisha mwanga mwekundu, kisha kinaonyesha mapigo ya moyo na asilimia ya oksijeni kwenye damu. Mwenye afya husoma tisini na tano kwenda juu. Chini ya tisini ni hatari, anahitaji mtungi wa oksijeni, nasi hatukuwa nao. Kidole kiwe na joto, kisiwe na hina, mgonjwa atulie, nawe usubiri mpaka namba ikae.

Kusubiri ndiko kulikotushinda. Foleni ilikuwa ndefu na rejista ilitaka namba, basi mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, akaanza kumwandikia kila mtu tisini na nane. Wenzangu wakamfuata. Mzee wa pumu, tisini na nane. Mtoto anayekoroma kifua, tisini na nane! Niliposema tupime kwanza, nilijibiwa, "Mama, wewe pima joto."

Asubuhi moja bodaboda ilimleta Elia, mdogo wangu anayenifuata. Alikuwa na homa ya siku nne na hakuweza kumaliza sentensi. Nilikisugua kidole chake mpaka kikapata joto, nikabana. Themanini na nne.

"Daktari, huyu aandikiwe rufaa sasa hivi."

Mganga mfawidhi, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, alifunua rejista ukurasa baada ya ukurasa. "Tazama, mama. Tangu kije hakijawahi kusoma themanini. Leo kimeharibika."

"Hakijawahi kwa sababu hakijawahi kubanwa."

"Unasema hivyo kwa kuwa ni ndugu yako. Mpe vidonge, arudi kesho."

"Dada," Elia akasema, akavuta pumzi, "usigombane," akavuta tena, "na wakubwa."

"Wewe nyamaza, utamaliza hewa!"

Nikamgeukia mganga. "Nipe kidole chako."

"Cha nini?"

"Tujue kilichoharibika ni kifaa au ni Elia."

Alikitoa akinuna. Tisini na sita. Changu, tisini na tano. Nikarudisha kwa Elia: themanini na tatu. Mama mmoja kwenye foleni akasema, "Daktari, si umeona mwenyewe?" Mganga akachukua kalamu bila kunitazama, akaandika rufaa na namba ileile. Gari la wagonjwa likaitwa. Mjini waligundua ni nimonia, wakamweka kwenye oksijeni siku tano.

Kuanzia hapo rejista yetu ikaanza kuwa na wagonjwa. Tisini na moja, themanini na tisa. Wasimamizi wakaja kuuliza mbona hali imezorota. Jamani! Hali ilikuwa ileile. Tulikuwa tumeanza kupima.

Sasa nimestaafu, nalima alizeti zangu. Vijana wa kazi hii hunitembelea na kuniuliza kama yule bwana aliwahi kuniomba radhi. Hakuniomba, wala sikukaa kumngoja. Ninachowaambia ni kwamba bora safu ya rejista ibaki tupu kuliko kuijaza uongo, maana tupu humfanya mwenzako apime.

Lakini anayenichosha zaidi ni Elia. Kila tukikusanyika familia, huwasimulia watoto kwamba yalikuwa mafua tu, mashine ilikosea, na dada mkubwa alipenda kuwatisha watu. Husimulia kirefu, kwa sauti, bila kituo. Namwacha aendelee. Pumzi ya kusimulia anayo.