Madamu Koku Alipoingia Ziwani

Kila ninapopita sokoni hapa Dodoma, mtu akifungua kiroba cha dagaa, inanijia ile harufu ya samaki, mchanga na jua kali. Wenzangu huziba pua. Mimi hurudi Pasiansi, kwenye mawe ya ufukwe wa ziwa kwetu, nikiwa kidato cha tano, msichana wa miaka kumi na saba aliyejiona mtu mzima.

Mwaka ule akili yangu yote ilikuwa kwenye vyuo vya nje. Tulikuwa tumesikia kwamba vyuo hivyo havitazami alama peke yake. Vinauliza pia unafanya nini nje ya darasa. Basi nikawa najiunga na kila kitu. Skauti nilikuwamo, klabu ya mazingira nilikuwamo, hata klabu ya Kifaransa, ambayo mwalimu wake alikuwa ameshahama, kwa hiyo tulisalimiana tu Kifaransa kisha tukaenda zetu. Tegemeo langu kubwa lilikuwa mdahalo. Klabu hiyo aliisimamia Madamu Koku, mwalimu wetu wa Kiingereza, mwenyeji wa Bukoba, na mazoezi yalikuwa Jumamosi asubuhi.

Tatizo ni kwamba Jumamosi asubuhi nilikuwa na watoto. Baba yangu mdogo, aliyekulia kisiwani Ukerewe, alinifundisha kuogelea tangu nikiwa mdogo, nami nikawa nawafundisha watoto wa mtaani. Walitumwa maji ziwani kila siku, na wengi hawakujua hata kuelea. Kwangu ulikuwa mchezo tu. Mama alisema nitaishia kupata kichocho badala ya chuo.

Nikaamua kuwaaga. Jumamosi moja niliteremka ufukweni niwaambie kuwa ndiyo mwisho. Masanja, mdogo kuliko wote, ambaye siku zote alining'ang'ania shingoni, asubuhi ile akalala chali juu ya maji, akauachia mkono wangu, akaelea. Akabaki anatazama mawingu. Nami nikasahau nilichokwenda kusema.

Nilipogeuka nilimwona Madamu Koku amesimama kwenye mawe, viatu mkononi. Alikuwa amewaacha wenzangu mazoezini, akafika nyumbani kuuliza kwa nini sikwenda, mama akamwelekeza. Nikamwamkia shikamoo huku maji yakinichuruzika, nikaanza kujitetea. Hakunikatiza. Aliuliza tu nimeshawafundisha wangapi. Sikuwa nimewahi kuwahesabu.

"Na mimi unaweza kunifundisha?" akasema.

Nilidhani ananitania. Jumamosi iliyofuata alikuja amevaa fulana na kitenge kikuukuu, akaingia hadi magotini, akasimama hapohapo. Vidole vyake vilinibana bega mpaka nikaumia. Watoto walimcheka kidogo, kisha Masanja akamshika mkono. Ilimchukua muda mrefu kuliko mtoto yeyote. Siku alipoelea alitokwa na machozi, nami nikadhani ni maji yamemwingia machoni.

Mazoezi ya mdahalo aliyahamishia Ijumaa jioni. Klabu nyingine aliniachia nichague mwenyewe, nikaziacha zote. Nilipoomba chuo niliandika habari za wale watoto, naye akaniandikia barua ya kunipendekeza. Nikapata nafasi, nikasoma, nikarudi.

Mwaka jana nilikwenda kumsalimia, amestaafu sasa. Tukiwa tunakunywa kahawa akanieleza kwamba dada yake alizama ziwani walipokuwa wadogo, yeye akiwa amesimama ukingoni, hana la kufanya. Tangu hapo hakuwahi kuingia kwenye maji, mpaka Jumamosi ile aliponishika bega.

"Siku ile nilikuja kukugombeza," alisema. "Halafu nikamwona yule mtoto anaelea."

Nilimsogezea kikombe chake karibu, nikamwambia asante. Miaka yote nilikuwa nikimshukuru kwa barua. Sikujua kwamba mtu mzima, mwenye hofu kubwa kiasi kile, alikuwa ameyakabidhi maisha yake kwa msichana aliyedhani anacheza tu na watoto.