Aliponiuliza Kama Amekosea

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, nikiwa na umri kama wako na nikisubiri kuitwa ndani kwa mtaalamu, kama unavyosubiri wewe. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la makao ya watoto nje ya mji wa Tabora, upande wa kwenda Kwihara. Nilitolewa Igunga kwa mjomba wangu, aliyekuwa akinipiga mpaka majirani wakaenda kutoa taarifa. Pale makaoni nilikuwa silali, nagombana na wenzangu, na mtu akinigusa bega kwa nyuma napiga ukelele. Mkuu wa makao hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka. "Huyu ni mkorofi," alisema. "Arudishwe kwao."

Kabla ya kunirudisha, ilibidi Bi Zuhura, mwanasaikolojia kutoka mjini, anipime. Mimi nilidhani kupimwa ni sindano.

"Shikamoo," nilisema, macho chini.

"Marahaba, mwanangu. Ungependa kukaa wapi?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilichagua kiti cha karibu na mlango. Aliniuliza habari za usingizi, za chakula, za vitu ninavyoviogopa. Nilimjibu "sijui" mpaka mwisho, kisha nikainuka nikatoka. Hakunifuata, hakunigombeza. Wiki iliyofuata alirudi. Akarudi tena. Siku moja alinikuta jikoni nachambua mchele, akavuta kigoda akachambua nami, na hapo, mikono yetu ikiwa kazini, nilianza kusema.

Alipomaliza kazi yake hakwenda moja kwa moja kwa mkuu. Alinieleza kwanza, kwa maneno mepesi, yote atakayomwambia: kwamba mimi si mkorofi, nimeumizwa, na mwili wangu bado unasubiri kipigo, kwamba mke wa mjomba hakujua, na kwamba nisirudishwe. Kisha akaniuliza, "Kuna mahali nimekosea?"

Hebu fikiria! Msomi yule, mtu wa makamo ya mama yangu, ananiuliza mimi.

"Umekosea," nikasema. "Umesema mke wa mjomba hakujua. Alijua. Alikuwa anaongeza sauti ya redio."

"Asante," akasema. "Nitasema hivyo hivyo."

Na akasema, nikiwa nimesimama pembeni yake. Mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani, akaniomba radhi. Sikurudi Igunga. Usingizi ulinijia kidogo kidogo, na baadaye nikachukuliwa na bibi yangu kule Lusu, nikasoma.

Basi, mwanangu, wakikuita nenda. Kama huna la kusema leo, sema huna. Hiyo si jeuri. Ukiwa tayari, sema lililotokea, na wakikuelewa vibaya, wasahihishe. Maisha ni yako, hakuna anayeyajua kukushinda. Na utakapokuwa mtu mzima, ukikabidhiwa mtoto aliyeumia, usimhukumu kabla hujamsikiliza.

Mungu akulaze salama, akuamshe bila hofu, na kila mkono utakaokugusa kuanzia leo uwe wa heri.