Nira ya Kigari Chekundu

Hadi leo nikisikia harufu ya ngozi mbichi ya ng'ombe iliyolowekwa kwenye maji, harufu ambayo wengine huizibia pua, mimi hufurahi. Hunirudisha Susuni, kwenye ua wa jirani yetu Baba Robi, msimu ule kigari kibovu kilipofufuliwa kwa ajili yangu. Ngozi yenyewe ililowekwa kwenye beseni la Mama la kufulia, bila ruhusa, ikakaa humo mpaka nzi wa kata nzima wakaijua njia ya kwetu. Mama alikuwa nesi wa zahanati, amehamishiwa huko kutoka Lindi, na Kiswahili chake kilikuwa cha upole mno kwa watu wa Tarime. Akisema "naomba tafadhali," watu walidhani amefiwa. Siku ya beseni lile, hata hivyo, alisema maneno machache tu na kila mtu alimwelewa.

Nilizaliwa na mguu wa kushoto dhaifu. Kusimama nilisimama, kutembea nilitembea kwa kushika ukuta, lakini shule ilikuwa juu ya kilima na zahanati ilikuwa chini, na kilima hakina ukuta wa kushika. Wenzangu wa rika langu walikuwa wameshaanza darasa la kwanza mwaka uliotangulia, mimi nikaambiwa nisubiri. Mama alizoea kunibeba mgongoni, lakini nilikuwa nimekua, na asubuhi zahanati haikuwa na nesi mwingine wa kuwapokea wajawazito. Mwalimu mkuu alimwambia waziwazi, "Nesi, mimi siwezi kutuma mtu wa kumfuata kila siku. Akifika hapa bila wewe, kabla ya kengele, nitamwandika. Akishindwa, tutaangalia mwaka mwingine." Nililia usiku ule, tena kwa hasira, si kwa huzuni. Nilikuwa mtoto mwenye kisirani, na sikuona kwa nini kilima kipewe mamlaka juu yangu.

Kigari tulikikuta kwenye stoo ya nyumba ya serikali tuliyopewa, nyuma ya magunia matupu. Kilikuwa kimeachwa na bwana shamba aliyehama kabla yetu, ambaye watoto wake walikuwa wakikokotana nacho uani. Kilikuwa sanduku la bati jekundu lililoliwa na kutu, na kati ya magurudumu yake manne mawili tu yalikuwa mazima. Mkono wake wa kukokotea ulikuwa umekatika. Mama alimpelekea Baba Robi, ambaye kazi yake ilikuwa kufundisha maksai na kuwalimia watu mashamba kwa plau. Alichotaka Mama kilikuwa kidogo: magurudumu yazunguke na mkono urudi, ili atafute mtoto mmoja mkubwa wa kunikokota hadi shuleni.

Kumbe Baba Robi hakuwa mtu wa kufanya kitu kidogo. Kwa majuma kadhaa ua wake ulinuka ngozi, grisi na rangi, na mimi nilishinda pale nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikitoa amri ambazo hakuna aliyeziomba. Alisugua kutu kwa mchanga na magunzi ya mahindi. Alichonga magurudumu mapya ya mti, akayavalisha vipande vya tairi kuukuu ili yasipige kelele kwenye mawe. Nyuma aliniwekea egemeo la mgongo, akalifunga kwa kamba za ile ngozi, ambazo zilipokauka zilibana kuliko misumari. Kisha akachora ubavuni mabaka meupe, mfano wa yale ya maksai wake kipenzi, kwa sababu, alisema, kitu kisicho na rangi yake hupotea. Nilikipenda kigari kile kupita kiasi. Nililala nikikiwaza.

Siku alipokileta kwetu, Mama alikizunguka mara mbili. Pale mbele palipotakiwa mkono mmoja palikuwa na mti mrefu, na kwenye ncha ya ule mti palikuwa na nira. Ilikuwa nira kamili ya wawili, kama ya ng'ombe, ila imeshushwa ifike kwenye vifua vya watoto na kuzungushiwa vitambaa isiwaumize.

"Baba Robi," Mama akasema, "mbona ya wawili?"

Yeye akashangaa kweli. "Kwani Nesi, kuna kitu kinakokotwa na mmoja? Mmoja atakipeleka porini tu huyo."

Hakuwa akifanya mzaha. Maisha yake yote kila alichokiona kikikokotwa kilikokotwa na wawili, wa kulia na wa kushoto, na haikumjia kabisa kwamba watoto wa bwana shamba walikuwa wakifanya vingine. Mama alikuwa bado hajampata hata huyo mtoto mmoja, na shule ilikuwa karibu kufunguliwa. Alinung'unika kwamba mchagua jembe si mkulima, akaingia ndani.

Baba Robi alitoa wanawe mwenyewe, Robi, binti aliyekuwa karibu na umri wangu, na kaka yake Chacha. Chacha alikuwa mrefu kama mlingoti. Hatukufika hata kwenye kona ya zahanati. Nira iliinuka upande mmoja, kigari kikageuka, nikamwagwa kwenye mtaro pamoja na matusi niliyokuwa nimeyaandaa. Baba Robi alikuja akiwa ameshika kichwa. "Nimekosa mimi," alisema. "Maksai hawafungwi kwa undugu. Wanafungwa kwa kimo." Akachukua fimbo, akampima Robi hadi begani, akaanza kuzunguka kijijini akipima watoto wa watu. Alirudi na Achieng, binti wa mama mmoja Mjaluo aliyeuza samaki sokoni, msichana ambaye alikuwa hajawahi kusemeshana na Robi ila kwa kugombana bombani.

Aliwafundisha jioni, kama anavyofundisha ndama. Robi akawekwa kulia, kwa kuwa wa kulia ndiye anayetembea ndani ya mfereji uliochimbwa na plau na lazima awe mwenye kichwa kigumu. Achieng akawekwa kushoto. Mimi nikafundishwa kupiga mluzi: mmoja mrefu wa kuondoka, miwili mifupi ya kusimama. Mama alipinga, akasema msichana hapigi mluzi. "Sasa Nesi," Baba Robi akajibu, "atawaendeshaje?"

Usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya shule mvua ilinyesha. Kilima kilikuwa tope jekundu tupu, na Mama alikuwa na mjamzito aliyeshikwa na uchungu, hawezi hata kutoka barazani. Tuliondoka wenyewe. Katikati ya mlima magurudumu yalizama, Achieng akaanguka magoti, na nilimwona Robi akimwangalia kwa sekunde moja kana kwamba ataiachia nira. Hakuiachia. Alikaza kifua, akamwambia, "Amka, wewe, mimi siwezi kwenda peke yangu." Kidole kimoja hakivunji chawa. Waliinama pamoja, nikapiga mluzi mrefu, na kigari kikang'oka.

Kengele ilikuwa bado haijalia. Mwalimu mkuu alitutazama tulivyopakwa tope, akasema, "Nilisema bila mama yako. Sikusema na kikosi." Nikamjibu kwamba hata yeye huja na pikipiki. Alicheka, akaniandika. Nilipiga mluzi pale uwanjani kwa nguvu zangu zote, na Mama aliniambia baadaye kwamba aliusikia kutoka zahanati, akiwa amempokea mtoto mkononi, na alilia mbele ya wagonjwa bila aibu.

Siku hizi ninaishi Mwanza, na nina kiti cha magurudumu chenye mota. Hakimhitaji mtu, na mara nyingi nakishukuru kwa hilo. Lakini mwaka jana Robi alitualika, mimi, Mama na Achieng, kwenye mahafali ya binti yake ya darasa la saba, shule ileile, kilima kilekile. Watoto wengine walitupita wamepakiwa kwenye bodaboda. Katikati ya mlima betri ilikufa. Nilikuwa bado nalaani nilipomwona Robi akikunja kitenge chake kipya na kuja kulia kwangu, na Achieng akivua viatu na kwenda kushoto. Hakuna aliyeuliza nani akae wapi. Waliinama, wakashika kiti, wakangoja. Nyuma yetu alikuwa Mama, mstaafu mwenye fimbo.

"Wenzako wanangoja," alisema. "Piga mluzi."